Kwa nini herufi zangu zinaanguka badala ya kukimbia?

Swali: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa stika na jezi, nina duka dogo hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nimepata kazi ya timu ya mbio za magari: nembo, stika za milangoni na jezi za mafundi wao. Wanataka maandishi mazito yaliyolala, "yaonekane yanakimbia hata gari likisimama." Nilipakua fonti nene ya bure, nikailaza nyuzi 25 kwenye programu ya kuchora ya CorelDRAW. Kwenye skrini ilipendeza. Nilipokata sampuli, herufi zinaonekana kama zinaanguka, W imekuwa na miguu minene na miembamba, na namba 8 na 6 zimejaa. Mteja anasema haina spidi. Nikiongeza mwinamo, inazidi kuharibika. Niinamishe kiasi gani? Ninunue fonti au nichore mwenyewe? Na ile fonti imeandikwa kuwa ni ya bure kwa matumizi binafsi. Je, nina tatizo? Jina la timu naomba usilitaje, halijatangazwa bado.

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimeitazama picha ya sampuli uliyoambatanisha. Mkono wako hauna kosa na mashine yako haina ubovu. Umefanya lile ambalo programu inakuruhusu kulifanya kwa kubofya mara moja, na programu haikukwambia inaharibu nini. Jina la timu nitalisitiri kama ulivyoomba. Badala yake nitatumia neno MAWIMBI, kwa sababu lina zile M, A na W zinazokusumbua, na lina B ya kutuonyesha mambo ya mviringo.

Mteja wako anaposema haina spidi, anasema kweli. Ila wewe umeelewa kwamba spidi inatoka kwenye mwinamo, kwa hiyo ikikosekana unaongeza mwinamo. Hapo ndipo tunapoachana. Mwinamo unaonyesha upande wa kwenda tu. Kinacholifanya jicho liamini kwamba neno linakwenda ni kuona herufi zote zimeinama kwa pamoja, zina uzito mmoja, na kila moja ina mguu wa kusimamia. Herufi ikikosa mguu huo, jicho linaona kitu kinachoanguka, hata ukiilaza vipi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kompyuta. Chukua pakiti ya karata, iweke mezani, kisha sukuma karata za juu kulia kidogo kidogo mpaka ubavu wa pakiti ulale. Hakuna karata iliyobadilika upana. Kila moja imesogea tu, ya juu zaidi kuliko ya chini. Programu inafanya hivyo hivyo kwa herufi. Upana ukipimwa kwa mlalo unabaki ule ule. Lakini jicho halipimi unene wa mguu wa herufi kwa mlalo, linaupima kwa kuukata mguu wenyewe kwa pembe mraba. Na kwa kipimo hicho kila kitu kimebadilika.

Chukua A ambayo kila mguu umeegama nyuzi 18 kutoka wima, na unene wake ni milimita 50 kwa kipimo cha jicho. Ilaze nyuzi 25 kama ulivyofanya. Mguu wa kushoto, ambao tayari ulikuwa umeegama kulia, unalala zaidi hadi nyuzi 38, na unene wake unashuka hadi milimita 41. Mguu wa kulia, ambao kazi yake ni kuegama kushoto na kuizuia A isianguke, unavuka wima na kuegama kulia nyuzi 8, na unene wake unapanda hadi milimita 52. Sasa una A yenye mguu mmoja mwembamba na mmoja mnene, na miguu yote miwili inaelekea upande mmoja. Hakuna tena kinachoizuia. Ndiyo maana macho yako yanakwambia inaanguka, na yanasema kweli kabisa.

Ilaze A hiyo hiyo nyuzi 12 tu. Mguu wa kushoto unabaki na milimita 46, wa kulia unakuwa 52, lakini mguu wa kulia bado umeegama kushoto nyuzi 6. Mdogo, lakini upo. A imelala na bado imesimama. Tofauti ya unene ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuirekebisha kwa mkono ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa haianzii kwenye namba ya nyuzi. Inaanzia kwenye herufi zako: tafuta mguu unaoegama kushoto kwa kiasi kidogo kuliko yote katika neno lako, na mwinamo wako usiuvuke. Katika fonti nene na nyembamba kwa upana, kama zile zinazopendwa na timu za michezo, W ndiyo inayoanza kuumia. Miguu yake minne imebanwa, labda nyuzi 10 au 12 tu kutoka wima. Ukiilaza 25, miguu ya kwanza na ya tatu inanyooka, inavuka wima na kulala kulia, huku ya pili na ya nne ikilala kabisa na kukonda. Unapata mnene, mwembamba, mnene, mwembamba. Ndicho ulichokiona kwenye sampuli. Miguu ya ndani ya M ina ugonjwa huo huo. Na Kiswahili chetu kimejaa M, W, A, K na Y kuliko lugha nyingi ambazo fonti hizi zilichorewa, kwa hiyo sisi tunaumia mapema. Fonti iliyopendeza kwenye mfano wa neno la Kiingereza lenye E, L, T na I inaweza kukuaibisha ukiandika MWAMWAYA.

Miguu ya wima nayo haikubaki salama. Mguu wa I uliokuwa milimita 50 unabaki na 45 ukiulaza nyuzi 25, na unakuwa mrefu zaidi kwa karibu asilimia 10, wakati mistari ya mlalo ya E au T haijapungua hata kidogo. Ndiyo sababu herufi nene ikilazwa na mashine inaonekana imekonda mwili na kubaki na kofia nzito.

Kwenye mviringo hali ni mbaya zaidi. O ikilazwa inavimba juu kulia na chini kushoto, na inakonda juu kushoto na chini kulia. B inafura begani na kukonda chini ya tumbo. S uti wake wa katikati unasimama na kunenepa. Namba 6, 8, 9 na 0 zote zina mviringo, na matundu yake yanabanwa kutoka pembe mbili kwa wakati mmoja. Ongeza rangi inayotambaa kidogo kwenye kitambaa, na tundu la 8 limekwisha. Wewe ulidhani plota yako, ile mashine ya kukatia stika, haikati vizuri.

Mafundi wa brashi waliokuwa wakiandika mabango na ubavu wa magari ya abiria hapa mjini hawakuwa na tatizo hili. Fundi anapovuta mguu uliolala, upana wa brashi ni ule ule, awe ameinamisha nyuzi 5 au 20. Unene unatoka kwenye mkono na jicho lake. W ikimbana, anaipanua bila kuuliza mtu. Ukibahatika kupata kazi yao ya zamani ambayo haijapakwa rangi juu, simama uisome mguu kwa mguu. Mimi nawaheshimu sana watu hawa, na nadhani tumewasahau mapema mno.

Sasa nyuzi zako. Herufi za mlazo za kawaida nyingi ziko kati ya nyuzi 8 na 12. Helvetica ya mlazo, kwa mfano, ina 12. Kwa nembo ya mbio, kati ya 12 na 15 panatosha, na unaweza kufika 18 ikiwa herufi zimechorwa upya kwa mwinamo huo na zimepewa upana. Zaidi ya 20 nimeona zikifaulu pale tu neno ni fupi sana na halina W wala A. Kwa neno kama MAWIMBI ningeanza na 12 na nisingeona haya kuishia hapo hapo.

Utaniuliza, kwani mwinamo ulianzaje kumaanisha mbio? Herufi za mlazo zenyewe ni za zamani na hazikuhusu mbio hata kidogo. Aldus Manutius wa Venice alizitumia mwaka 1501 kuchapa vitabu vidogo vya kubeba mkononi, kwa herufi alizochonga Francesco Griffo, na zilifuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule. Habari ya mbio ilikuja na kamera. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kijana wa Kifaransa, Jacques-Henri Lartigue, alipiga picha ya gari la mashindano likipita. Kamera za wakati huo zilipitisha mwanga kupitia mwanya mwembamba uliosafiri kwenye filamu, kwa hiyo sehemu moja ya gurudumu ilinaswa kabla ya nyingine, na gari lilikuwa limeshasogea. Gurudumu likatoka yai lililoinamia mbele. Na kwa kuwa alikuwa akiizungusha kamera kulifuata gari, watazamaji wa pembeni wakatoka wameinama kinyume. Wachoraji wa katuni na wa matangazo wakaichukua alama hiyo, na macho yetu yakaizoea. Angalia vizuri picha ile: kinachotoa spidi ni kwamba gari limeinama na vinavyolizunguka havikuinama vile. Ukiinamisha kila kitu kwenye jezi, yaani jina, namba, majina ya wadhamini na hata anwani, hakuna kilichobaki cha kupimia. Acha kitu kimoja kimelala, vingine visimame.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri uongeze ile mistari ya upepo na ndimi za moto nyuma ya herufi. Nembo ya zamani ya Formula 1 ilikuwa na F nyeusi upande mmoja na michirizi myekundu upande wa pili, na namba 1 ilijificha kwenye nafasi nyeupe katikati yao. Ilikuwa kazi ya akili sana, na watu wengi waliitazama miaka na miaka bila kuiona hiyo 1. Nembo mpya iliyozinduliwa Abu Dhabi mwishoni mwa msimu wa 2017 iliacha mchezo huo ikabaki na mistari michache minene. Nembo yako itakwenda kwenye kifua cha jezi, kwenye kofia, na kwenye duara dogo la ukurasa wa timu kwenye simu. Michirizi ya upepo itakuwa uchafu hapo.

Kuhusu uzito, wengi wanadhani herufi ikiwa nene zaidi inaonekana kutoka mbali zaidi. Ni kweli mpaka mahali fulani. Kutoka mbali jicho halisomi wino, linasoma tofauti ya wino na matundu. 8 isiyo na matundu ni dongo tu, na 6, 8, 9 na 0 zote zinakuwa dongo hilo hilo. Mimi sikubali tundu la 8 liwe jembamba kuliko nusu ya unene wa mguu wake. Na kama herufi ni nyeupe juu ya rangi nyeusi, zipunguze unene kidogo, kwa sababu nyeupe juu ya giza huonekana nene kuliko ilivyo, na rangi nyeupe kwenye jezi nyeusi mara nyingi huchapwa mara mbili na kutambaa. Kisha kumbuka vumbi. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, kila mtu aliona magari yanavyotoka kwenye lile vumbi laini. Hata huku pwani barabara ya murram haimwonei mtu huruma. Tundu ambalo ni dogo gari likiwa safi halipo kabisa likiwa chafu.

Kuna mtego mwingine nimeuona kwenye sampuli yako: umelipandisha neno zima liende juu upande wa kulia. Ni staili nzuri na Mombasa tunaipenda kwenye magari. Lakini uliipata kwa kulizungusha neno, na ukizungusha nyuzi 6 kwenda juu, herufi zilizolala 15 zinabaki zimelala 9. Umejipunguzia mwinamo bila kujua, kisha ukauongeza tena kwa kulaza zaidi, na herufi zikazidi kuharibika. Ukitaka neno lipande, tumia kulaza kwa wima: upande wa kulia usogee juu na miguu ibaki na mwinamo wake. Kisha angalia mistari ya mlalo ya B, imekwenda na mpando sawasawa au la.

Jambo ambalo hukuuliza, na litakuja kukusumbua siku ya kubandika stika, ni ubavu wa gari. Simama ukitazama ubavu wa kulia: pua ya gari iko mkono wako wa kulia, na herufi zilizolala kulia zinaelekea mbele pamoja na gari. Vizuri. Zunguka usimame ubavu wa kushoto: pua sasa iko mkono wako wa kushoto, lakini neno bado linasomwa kutoka kushoto kwenda kulia na limelala kulia, yaani linaelekea kwenye buti. Gari linakwenda mbele, jina linarudi nyuma. Timu nyingi zinaliacha hivyo na dunia haijaisha. Wengine wanachora namba peke yake zikiwa zimelala kushoto kwa ubavu huo. Kwa namba inakubalika, mradi zichorwe upya. Ukizigeuza kama kwenye kioo utapata 2 isiyosomeka. Kwa jina sikushauri kabisa. Neno lililolala kushoto linasomeka kwa shida, na timu itaonekana ina nembo mbili. Ushauri wangu ni huu: tumia mwinamo mdogo, 12 hivi, ambao haupigi kelele ukielekea nyuma, kisha mwambie mwenye gari mstari wa rangi unaopita ubavuni ndio ubebe mwelekeo. Mstari huo unaweza kuugeuza kila ubavu bila kumuudhi msomaji.

Na kwa kuwa tuko Mombasa, inawezekana mdhamini mmoja jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Usilichague pamoja na mengine ukalilaza kulia. Maandishi hayo yanasomwa kutoka kulia, na mbele yake ni kushoto. Liache limesimama kama mwenyewe alivyokupa, au muulize.

Sasa fonti ya bure. Ndiyo, una tatizo, na ni afadhali umeuliza kabla ya kuchapa. "Bure kwa matumizi binafsi" maana yake ni kadi ya harusi ya dada yako au bango la chumbani kwako. Mteja akikulipa, hiyo ni biashara, na mchoraji wa fonti hakukupa ruhusa hiyo. Njia halali ni tatu. Mwandikie mchoraji ununue leseni ya biashara, na uulize waziwazi kama inaruhusu nembo, kwa sababu nyingine haziruhusu. Au chukua fonti iliyotolewa kwa leseni ya wazi ya fonti ya shirika la SIL, inayojulikana kwa kifupi OFL. Hii inakuruhusu kuitumia kibiashara, kuibadilisha umbo na kuuza jezi zilizochapwa nayo. Inachokukataza ni kuuza faili la fonti lenyewe peke yake. Au chora mwenyewe.

Kwa hali yako mimi ningechukua njia ya pili kisha nikaingia nusu kwenye ya tatu. Angalia Barlow Condensed, Kanit na Exo 2. Zote ziko chini ya leseni ya wazi, na zote zina uzito wa juu kabisa uliotengenezewa mlazo wake, yaani kuna faili la pekee la herufi nene za mlazo. Racing Sans One nayo imelala tangu kuzaliwa, ingawa ina uzito mmoja tu na inatumika sana, kwa hiyo timu yako inaweza kufanana na ya jirani. Hakikisha unasakinisha faili la mlazo lenyewe. Ukisakinisha la wima tu ukabofya kitufe cha kulaza, programu nyingi zitakulazia kwa njia ile ile ya karata na utarudi ulikotoka. Kununua fonti ya kulipia kuna faida kama timu itakuwa na kazi nyingi za maandishi, mabango, tovuti, ratiba. Kwa neno moja na namba kumi, pesa hiyo ni heri ilipwe mtu wa kuchora.

Ukishaandika MAWIMBI kwa fonti iliyolala vizuri, igeuze kuwa mchoro uanze kazi ya mkono. Anza na W. Pima miguu yake minne kwa kukata mraba, weka mduara mdogo wa kipimo kimoja ndani ya kila mguu na uone unapogusa na unapopwaya. Ipanue W mpaka miguu ya kwanza na ya tatu ipate tena kaegemeo kadogo ka kushoto; usiogope ikiwa pana kuliko M. Kisha A: unenepeshe mguu wa kushoto, upunguze wa kulia, acha tofauti ndogo tu, kwa sababu A yenye miguu sawa kabisa nayo inaonekana ngeni. B na namba za mviringo zirekebishe kwa ujanja wa nusu kwa nusu: badala ya kulaza nyuzi 12 zote, izungushe mviringo ya wima nyuzi 6 na uilaze 6 zilizobaki. Uvimbe wa begani unapungua sana. Mwisho panga nafasi, na upange ukiwa umeligeuza neno juu chini, ili usilisome bali uone weusi na weupe peke yake. Nafasi kati ya A na W itakudai uibane, na kati ya I na M itakudai uiachie. Punguza pia nukta za mchoro zisizo na kazi. Plota inasimama kwenye kila nukta, na ukingo unatoka na vimeno.

Kabla ya kukata, angalia pembe. Mguu uliolala kulia una pembe mbili kali, chini kushoto na juu kulia. Kwenye ubavu wa kulia wa gari, pembe ya juu ndiyo inayokutana na upepo. Kwenye ubavu wa kushoto ni ile ya chini. Popote utakapobandika, pembe moja kali inatazama mbele. Kwa jua letu, chumvi ya baharini na mashine ya maji ya wale vijana wa kuosha magari, hapo ndipo stika itakapoanza kunyanyuka. Zungushia pembe hizo milimita moja au mbili. Kwa macho hakuna atakayejua.

Jaribio ninaloliamini ni rahisi. Chapa jina na namba kwa karatasi ya kawaida, ukubwa kamili, uzibandike kwenye tuktuk ya rafiki yako. Simama kando ya barabara, mwambie apite mara mbili kwa mwendo wake wa kawaida, ubavu huu na ubavu ule. Muweke karibu nawe mtu asiyelijua jina la timu, akuandikie alichosoma. Akisoma 8 badala ya 6, rudi kwenye matundu. Akisoma jina na kukosa namba, umeipa nembo nafasi iliyokuwa ya namba.

Mambo matatu usiyamalize kwa ushauri wangu wa maandishi. La kwanza ni namba za mashindano. Waandaaji wana kanuni za ukubwa, rangi na mahali pa kubandika, na wakati mwingine wanazitoa wao wenyewe. Mwambie mwenye timu akupe kanuni hizo kwa maandishi kabla hujachora namba hata moja. Gari likikataliwa kwenye ukaguzi, lawama itakuja dukani kwako. La pili ni umiliki. Kama timu inataka jina na nembo visichukuliwe na mtu mwingine, usajili wa alama za biashara uko KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, na haki za mchoro wenyewe zinaandikishwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Wamuone wakili wa mambo hayo, na wewe andikianeni mapema nani anamiliki faili za mwisho.

La tatu ni W yako. Ukiirekebisha mara kadhaa na bado inakukatalia, usikae nayo usiku kucha. Mtafute mtu anayechora herufi kwa mkono mkae meza moja, hata awe fundi wa brashi ambaye hajui kuwasha CorelDRAW. Nenda na chapa ya ukubwa kamili, kipande cha jezi yenyewe chenye rangi yake, vipimo vya mlango wa gari na penseli nyekundu. Mwachie penseli aweke alama pale jicho lake linapokwama, na wewe usimweleze kitu mpaka amalize.